Watu wako wapi kwenye picha za milima ya Marekani?

Swali la msomaji: "Naishi New Jersey na familia yangu, kwetu ni Tanga. Hivi karibuni nilimpeleka binti yangu Makumbusho ya Metropolitan, New York. Katika vyumba vya sanaa ya Marekani tulikuta picha kubwa za milima, mito na mawingu. Mwongozaji akasema hizi ndizo zilizowafanya Wamarekani wajione taifa. Binti yangu akaninong'oneza, 'Mama, mbona hamna watu?' Sikuwa na jibu, na maneno ya mwongozaji nayo sikuyaelewa. Mlima unamfanyaje mtu awe Mmarekani? Na je, nimfundishe mwanangu kuzipenda picha hizi au kuzitilia shaka?"

Dada yangu, mwongozaji na binti yako walikuwa wakizungumzia jambo moja, ila kila mmoja alilishika upande wake. Picha zile kweli ziliwapa Wamarekani weupe wa karne ya 19 namna ya kujiona taifa. Na ziliweza kwa sababu zilichagua kwa makini nani aonekane juu ya ile ardhi na nani asionekane. Nitakuomba tusimame mbele ya picha chache, maana jambo hili ukilisikia kwa maneno matupu linateleza. Ukiliona kwenye rangi linakaa.

Tuanze na shida waliyokuwa nayo. Mwaka 1825 Marekani ilikuwa nchi ya miaka 49. Watu wake walizungumza Kiingereza, walisoma vitabu vya London, na sheria zao nyingi zilitoka kwa mkoloni wao wa jana. Mgeni kutoka Ulaya akiwauliza urithi wenu uko wapi, hawakuwa na kasri la kumwonyesha, wala magofu ya Kirumi, wala kanisa la mawe la miaka 700. Tena Ulaya yenyewe iliheshimu zaidi picha za historia: wafalme, vita, watakatifu. Mandhari yalikuwa daraja la chini. Wamarekani wakapindua hesabu hiyo. Walichokuwa nacho kwa wingi ni misitu, mito na maporomoko, wakaamua kwamba hayo ndiyo mambo ya kale yao: hekalu ambalo halikujengwa na mfalme yeyote, limetoka mkononi mwa Mungu moja kwa moja. Kwa watu waliolelewa na Biblia, wazo hilo liliingia moyoni bila kupiga hodi.

Mambo ya kale ya mikono ya watu yalikuwepo, tena makubwa. Vilima vya Cahokia, karibu na mji wa leo wa St. Louis, vilijengwa na Wenyeji Asilia, watu waliokuwa Amerika kabla ya wazungu, yapata miaka 1,000 iliyopita. Lakini hayo hayakuhesabiwa kuwa urithi wa taifa jipya. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Aliyelitia wazo hili kwenye rangi kuliko wengine alikuwa mhamiaji. Thomas Cole alizaliwa mwaka 1801 Bolton, Uingereza, mji wa viwanda vya nguo, akavuka bahari na wazazi wake mwaka 1818. Mwaka 1825 alipanda Mto Hudson hadi milima ya Catskill, akarudi New York na picha ambazo zilinunuliwa haraka na wasanii wenye jina, mmoja wao John Trumbull, yule aliyechora viongozi wakiwasilisha Azimio la Uhuru. Wachoraji waliomfuata kwa nusu karne leo huitwa Hudson River School, ingawa hawakuwa na madarasa wala mwalimu mkuu; walikuwa watu waliofahamiana, wakitembea milimani majira ya joto na kuchora mjini majira ya baridi. Wewe mwenyewe ni mhamiaji, kwa hiyo hili linaweza kukugusa: Thomas Moran, tutakayemwona mbele, alizaliwa mji ule ule wa Bolton, na Albert Bierstadt alizaliwa Solingen, Ujerumani. Sura ambayo Marekani huiita yake mwenyewe imechorwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka kwingine. Naona mtu aliyekuja na macho mapya aliona upesi zaidi kile ambacho mzaliwa alikipita kila siku akienda sokoni.

Sasa rudini Metropolitan, mkatafute picha ya Cole ya mwaka 1836 inayojulikana kama The Oxbow. Ina upana wa karibu mita 2. Cole anatuweka juu ya Mlima Holyoke, Massachusetts, tukiutazama Mto Connecticut ukijikunja bondeni. Picha imekatwa mshazari. Kushoto ni pori: miti imesongamana, shina moja limevunjwavunjwa, wingu jeusi la radi linamwaga mvua yake ya mwisho na kuondoka. Kulia jua limetoka. Mashamba yamepangwa vizuri, moshi unapanda kwenye nyumba, mashua ziko mtoni. Mwambie binti yako ashushe macho mpaka chini, katikati ya miamba. Kuna mtu mdogo mwenye kofia amekaa mbele ya picha yake, amegeuza shingo anatutazama. Huyo ni Cole. Mwavuli wake umechomekwa juu ya mwamba, mahali hasa ambapo pori linakutana na shamba.

Nimeipitia picha hii na wanafunzi wengi, na kinachonishika kila mara ni namna inavyoeleza mabadiliko ya nchi. Pori linakuwa shamba kama vile dhoruba inavyopita na jua likatoka. Hakuna aliyefanya jambo. Hakuna shoka, hakuna bunduki, hakuna mkataba uliovunjwa. Ni hali ya hewa tu. Lakini bonde lile lilikuwa nyumbani kwa Wanonotuck, jamii mojawapo ya Wenyeji Asilia. Waingereza walianza makazi ya Northampton bondeni humo mwaka 1654, na vita vya miaka iliyofuata viliwasukuma wenyeji nje ya mashamba yao. Katika picha hayo yote yamegeuka mvua iliyokwisha kunyesha. Hapo ndipo nguvu ya mandhari ilipo. Picha ya vita inakulazimisha uulize nani alishinda na kwa haki gani. Picha ya bonde lenye jua haikuulizi kitu. Inakupa utulivu, na utulivu huo unakufanya uamini kwamba mambo yalikuwa yawe hivyo tangu mwanzo.

Nisimwonee Cole. Ukitazama kilima cha mbali katika picha hiyo utaona madoa mahali miti ilipokatwa. Wapo wataalamu wanaoyasoma madoa hayo kama herufi za Kiebrania. Mimi sijashawishika, ila ukataji wenyewe hauna ubishi, na mwaka huo huo wa 1836 alichapisha insha juu ya mandhari ya Marekani akilalamikia shoka linavyoharibu misitu. Katika insha hiyo pia alisema kwamba thamani ya mandhari ya nchi yake haiko sana katika yaliyopita, iko katika ya sasa na yajayo: msomaji asimame mbele ya bonde tupu na kuiona miji itakayokuja. Sehemu nyingine anaulilia msitu, sehemu nyingine anaukaribisha mji. Mgongano huo haukuisha ndani yake mpaka alipofariki mwaka 1848, na naona haujaisha katika Marekani hadi leo.

Binti yako aliuliza watu wako wapi. Katika kazi za Cole wakati mwingine wapo, na namna walivyopo inasema mengi. Mwaka 1830 alichora maporomoko ya Niagara yakionekana kwa mbali. Picha hiyo iko Art Institute ya Chicago. Mbele, juu ya mwamba, wamesimama Wenyeji Asilia wawili, wadogo mno, katikati ya msitu wa rangi za vuli. Wakati huo Niagara halisi ilikuwa na hoteli, viwanda na watalii. Cole alivifuta vyote, akaweka watu wawili kama alama ya zamani inayoaga. Na mwaka huo huo, tarehe 28 Mei 1830, Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha Wenyeji Asilia kupelekwa magharibi ya Mto Mississippi. Miaka 8 baadaye maelfu ya Wacherokee walikufa katika kuhamishwa huko. Sisemi kwamba Cole alichora ili kuitetea sheria ile. Ninasema mtu aliyeizoea picha ile sebuleni kwake asingeshtuka sana kusikia kwamba wenyeji wanaondoka. Alikuwa ameshawaona wakiondoka.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la mlima na uraia. Picha moja iliyotundikwa kwa tajiri haiwezi kuunda taifa. Kilichofanya kazi ni namna picha zilivyosambaa. Kulikuwa na chama kilichoitwa American Art-Union, chenye makao yake New York. Mwanachama alilipa dola 5 kwa mwaka, akapata nakala iliyochapwa ya mchoro na nafasi katika bahati nasibu ya kushinda picha halisi. Mwaka 1849 kilikuwa na wanachama karibu 19,000. Baadaye mahakama ziliizima bahati nasibu ile kuwa ni haramu, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Msanii akikamilisha picha kubwa, aliionyesha peke yake katika chumba maalumu, watu wakalipa senti 25 kuingia, kisha nakala zikauzwa. Sasa fikiria mkulima wa Ohio na fundi viatu wa Maine. Hawajawahi kuonana, wala hawatakaa waonane. Lakini wote wawili wana Niagara ile ile ukutani, na wote wawili wakiitazama wanasema "yetu". Neno hilo "yetu", likisemwa na watu wasiojuana kuhusu mahali ambapo wengi wao hawajawahi kukanyaga, ndiyo kazi yenyewe ya utaifa.

Aliyelijua hili vizuri ni Frederic Edwin Church, mwanafunzi wa Cole. Niagara yake ya mwaka 1857, iliyopo sasa National Gallery of Art mjini Washington, ina upana wa zaidi ya mita 2, na ameondoa kabisa ardhi ya mbele. Huna pa kusimama. Maji yanaanzia miguuni mwako, ya kijani, yanakwenda kasi kuelekea ukingoni, na kijiti kimoja kilichovunjika kimenasa karibu na wewe kukuonyesha nguvu ya mkondo. Watu walipanga foleni kuiona, na mwaka 1867 ilipata medali huko Paris. Ikawa nembo ya nguvu ya Marekani. Lakini Church aliichora kutoka upande wa Kanada, uliokuwa chini ya Uingereza. Ukitazama ramani utaona ndiko mandhari yanakoonekana vizuri zaidi. Hakuna aliyejali. Taifa likishakipenda kitu, mpaka wa serikali hauwezi kulizuia kukiita chake.

Miaka 4 baadaye Church akaenda mbali zaidi. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilianza Aprili 1861, kwa kushambuliwa ngome ya Fort Sumter. Church akachora kipicha kidogo kisichozidi ukubwa wa karatasi ya ofisini, Our Banner in the Sky. Mti mkavu umesimama kama mlingoti. Mawingu mekundu yamejipanga mistari mistari, na kwenye kona anga la buluu lina nyota. Ni bendera ya Muungano, yaani upande wa Kaskazini uliopinga majimbo ya Kusini kujitenga, imechorwa na mbingu yenyewe. Nakala za rangi zikachapwa na kuuzwa. Kama sanaa siipi alama za juu. Ni nyepesi mno ukiiweka karibu na Niagara. Lakini inakuonyesha waziwazi kile ambacho picha nyingine zilikisema kwa sauti ya chini: kwamba Muungano huu si mapatano ya wanasiasa tu, Mungu ameuandika kwenye anga, na anayejitenga nao anajitenga na maumbile.

Nakuja sasa kwa Bierstadt, na hapa nataka tukae kidogo. Mwaka 1859 alifuatana na msafara wa Frederick Lander, aliyekuwa akipima njia ya kwenda magharibi. Alirudi New York na michoro mingi, na mwaka 1863 akakamilisha The Rocky Mountains, Lander's Peak, yenye upana wa zaidi ya mita 3. Nayo ni ya Metropolitan. Mlima wa theluji umesimama nyuma katika mwanga, maporomoko yanaanguka katikati, na mbele kabisa ipo kambi ya Washoshone: mahema, farasi, mbwa, wanyama waliowindwa, watoto. Mlima wenyewe kwa umbo lile hauko popote. Bierstadt aliujenga studio kwa kuunganisha michoro yake, akaupa jina la Lander, ambaye alifariki mwaka 1862 akiwa jenerali wa upande wa Muungano.

Kwa hiyo hapa watu wapo, utasema. Wapo, tena wamechorwa kwa uangalifu. Lakini picha ilisafiri na kijitabu cha maelezo, na ndani yake lilitajwa tumaini kwamba siku moja, juu ya tambarare ile ile yenye kijiji cha Wenyeji, utasimama mji wa vizazi vya wazungu, na katika majumba ya sanaa ya mji huo picha hii itapata mahali pa kupumzika. Soma hilo taratibu. Washoshone wamechorwa ili mji utakaochukua mahali pao uwe na kumbukumbu yao ukutani. Na Januari 29 ya mwaka huo huo wa 1863, kwenye Mto Bear, katika jimbo la leo la Idaho, wanajeshi wa Marekani waliwaua mamia ya Washoshone, wanawake na watoto wakiwemo. Wakati rangi inakauka New York, mauaji yalikuwa yameshafanyika.

Mwaka 1864 picha hiyo ilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya kuchangisha fedha kwa ajili ya askari wa Muungano waliojeruhiwa. Ilitundikwa ikielekeana na picha kubwa ya Church ya milima ya Andes, na kwenye viwanja hivyo hivyo Wenyeji Asilia waliletwa wacheze ngoma zao mbele ya watazamaji. Mji ulikuwa umechoka na orodha za majeruhi. Magharibi ile iliyong'aa iliwaambia watu kwamba nchi bado ina upande ambao haujatiwa damu, na kwamba Kaskazini na Kusini wakimaliza kuuana watakuwa na mahali pa kwenda pamoja. Faraja hiyo ilikuwa ya kweli kwa waliokuwa wamezika watoto wao, siwezi kuidharau. Ila iligharimiwa na watu ambao hawakuulizwa.

Kutoka picha kwenda sheria hapakuwa mbali. Tarehe 30 Juni 1864, vita vikiendelea, Rais Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi Bonde la Yosemite kwa jimbo la California lihifadhiwe kwa matumizi ya umma. Picha za kamera za Carleton Watkins, alizopiga mwaka 1861 kwa vioo vya kamera vyenye upana wa zaidi ya nusu mita, zilikuwa zimeshaonekana New York. Hazina mtu. Miaka 10 tu kabla yake, mwaka 1851, kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa kiliingia bonde lile kuwafukuza Waahwahneechee na kuchoma vijiji vyao.

Yellowstone ikafuata. Moran alikwenda huko mwaka 1871 na msafara wa mwanajiolojia Ferdinand Hayden, kwa mikopo, mmojawapo kutoka kwa tajiri wa benki aliyekuwa akiifadhili reli ya Northern Pacific. Reli ilihitaji abiria na abiria walihitaji sababu ya kusafiri. Michoro ya rangi za maji ya Moran na picha za kamera za William Henry Jackson zilionyeshwa kwa wabunge, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Grant akatia saini sheria ya hifadhi ya kwanza ya taifa. Mwaka huo huo Kongresi ilinunua picha kubwa ya Moran ya korongo la Yellowstone kwa dola 10,000. Moran mwenyewe hakuficha kwamba hakutaka kunakili mahali pale kipande kwa kipande. Alisogeza miamba ili mtazamaji apate mshtuko aliopata yeye. Kisha akaanza kuweka herufi Y kwenye sahihi yake, kwa ajili ya Yellowstone. Watukudika, waliokuwa wakiishi na kuwinda milima ile, waliondolewa kabla ya muongo huo kwisha, na kuanzia mwaka 1886 jeshi likawekwa kuilinda hifadhi. Pori lisilo na watu lilianza kwenye rangi, likaingia kwenye sheria, mwisho likawa kweli ardhini.

Na hapa jambo linatufikia na sisi. Mfano wa hifadhi isiyo na wakazi ulienea duniani kutoka Yellowstone, ukachukuliwa na wakoloni Afrika. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa, wengi kuelekea Ngorongoro. Binti yako akiona tangazo la safari lenye tambarare, twiga mmoja na machweo, bila boma wala mchungaji, anaona ndugu wa karibu wa picha alizoziona New York. Swali lake linafaa pale pale.

Ilipofika mwaka 1872 mambo yalisemwa bila kificho. John Gast alichora American Progress kwa agizo la mchapishaji wa vitabu vya kuwaongoza wasafiri, George Crofutt. Halisi ni ndogo, haifiki nusu mita, lakini nakala zake zilitapakaa. Mwanamke mweupe mwenye nyota kwenye paji la uso anaelea angani kuelekea magharibi, mkono mmoja ameshika kitabu cha shule, mwingine anatandaza waya wa telegrafu. Nyuma yake treni na wakulima. Mbele yake, gizani, Wenyeji Asilia, dubu na nyati wanakimbia. Cole angeiona ya kishamba, nadhani. Hata hivyo dhoruba inayoondoka ya The Oxbow na giza linalokimbia la Gast ni watoto wa baba mmoja.

Unisamehe, nimekaa kwa wazungu muda mrefu, na wao hawakuwa peke yao kwenye milima ile. Robert S. Duncanson, mjukuu wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, alijifunza kuchora mwenyewe, akafanya kazi Cincinnati, mji ambao ukivuka Mto Ohio tu ulikuwa Kentucky, jimbo la utumwa. Alichora mito mitulivu na mabonde yenye mwanga, akaheshimika mpaka Uingereza, na vita vilipokolea, mwaka 1863, akahamia Montreal. Ukizitazama kazi zake hutaona minyororo. Watu wamelilaumu hilo, mimi silaumu. Mtu mweusi wa mwaka 1859 aliyechora upinde wa mvua juu ya nyumba na wapenzi wawili wakitembea shambani, kwa ustadi uliolingana na wa Church, alikuwa akidai kwamba mandhari yale ni yake vilevile, bila kuomba ruhusa. Picha hiyo, Landscape with Rainbow, iliwekwa ndani ya jengo la Kongresi tarehe 20 Januari 2021, Rais Biden alipoapishwa. Dai lile lilichukua miaka 162 kufika pale.

Wa siku zetu ambaye ningependa binti yako amjue ni Kay WalkingStick, Mcherokee aliyezaliwa mwaka 1935. Anachora milima na maporomoko kwa rangi za mafuta kwa ustadi ambao Hudson River School wangeutambua, kisha juu ya ardhi hiyo anaweka nakshi za watu wa mahali pale: za vikapu, za shanga, za ngozi. Haharibu mandhari. Mlima unabaki mzuri, ila sasa una mwenyewe. Mwaka 2023 kazi zake zilitundikwa pamoja na picha za kundi lile la kale kwenye jumba la makumbusho la New York Historical, na watazamaji wakapata kuona zote mbili kwa mtupo mmoja wa macho. Hata Niagara ameichora.

Umeniuliza umfundishe kuzipenda au kuzitilia shaka. Mimi nazipenda, na sitamficha mtoto hilo. Hakuna aliyechora maji ya Niagara kama Church, na mwanga wa Bierstadt bado unanisimamisha. Picha hizi ni kama hati ya kiwanja iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana: unaweza kuusifia mwandiko na bado ukauliza majina gani yamefutwa. Binti yako ameshaanza kuuliza, na umri wake unatosha kuelezwa habari za Washoshone na Wacherokee kwa majina yao, bila kupunguza. Asifikiri tu kwamba utupu ule ni kasoro ya mchoraji aliyeshindwa kuchora watu. Walijua kuchora watu.

Mkipata siku nyingine, vukeni bustani ya Central Park kutoka Metropolitan mwende New York Historical, muulize mapokezi kama picha 5 za Cole zinazoitwa The Course of Empire zimetundikwa. Alizichora kati ya 1833 na 1836, zikionyesha mahali pamoja: pori la wawindaji, kisha wafugaji na wakulima, kisha mji wa marumaru, kisha mji huo ukichomwa na maadui, kisha magofu bila mtu hata mmoja. Alikuwa akiwaonya Wamarekani wa zama za Jackson waliodhani wao hawataporomoka. Utaona kwamba mchoraji yule yule aliyetumia nchi tupu kuahidi taifa, hapa ameitumia kulionya. Mlima mmoja wenye jiwe kubwa kileleni umerudiwa katika picha zote 5, ila Cole amehamisha mahali pa kusimama kila mara. Mpe binti yako kazi ya kulitafuta jiwe hilo katika kila picha, na kueleza mchoraji alisimama upande gani. Nitafurahi mkiniandikia alichokiona.